MAONI YETU: Simba wa mia mbili na simba wa elfu mbili

Mtoto wa Mugumu, wilayani Serengeti, hahitaji kufundishwa simba ni nani. Lakini mwekee mkekani sarafu ya 200 na noti ya 2,000, umwulize ipi ni hela nyingi. Usishangae akishika sarafu: inang'aa, inalia, tena ina simba wawili, na noti ina mmoja.

Mtoto huyo amefikiri vizuri, ila hajafundishwa.

Tarime na Serengeti tunawatuma watoto dukani kila siku: chumvi, kiberiti, sabuni ya kipande. "Jero" (500) na "buku" (1,000) wanazijua kwa masikio kabla ya darasa la awali; kwa macho bado. Mtoto akirudi na chenji pungufu anachapwa, kumbe kosa ni letu wakubwa.

Sirari, mpakani na Kenya, kazi ni kubwa zaidi. Shilingi za nchi mbili zinapita mkononi siku moja. Simba yumo pia kwenye sarafu ya Kenya ya 10, na tembo kwenye ya 20, wakati kwetu tembo yuko kwenye noti ya 10,000. Mtoto anayetazama picha tu atapotea. Asome namba, na jina la nchi.

Somo hili halingoji bajeti. Jioni mzazi amwage sarafu mkekani. Mtoto afumbe macho apapase: ya 50 ina pembe saba, ya 100 ni duara. Afumbue, asome namba. Mia moja-moja za swala, mbili tu, zitoshane na sarafu moja ya simba ya 200. Tano zitoshane na nyati wa 500, na nyati wawili na noti ya 1,000 yenye sura ya Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama. Akizoea, apewe hiyo 1,000 akanunue kitu cha 700, na kabla hajatoka aulizwe: utarudi na ngapi?

Walimu wa awali walete sarafu halisi darasani, wasiishie kuzichora ubaoni. Wenye maduka wahesabu chenji kwa sauti, moja moja, kwenye kiganja cha mtoto.

Anayejua kuhesabu chenji ya chumvi leo, kesho akiuza ng'ombe mnadani hatatafuta mtu wa kumhesabia.