Hakuna Aliyetuibia Wasomi

Kwenye harambee za kuchangia nauli ya mwanafunzi anayekwenda ng'ambo, kuanzia Kombewa hadi Bondo, kuna hotuba isiyokosa kutolewa. Mzee husimama, huwashukuru waliochanga, kisha hulalama: sisi tunasomesha, wazungu wanavuna. Watu hupiga makofi na bahasha huendelea kuzunguka. Jijini Nairobi hotuba hiyo hiyo huvaa suti, na mawaziri huirudia kila madaktari kadhaa wanapopanda ndege. Ni imani inayoliwaza taifa kwa sababu mwizi hutafutwa nje ya boma. Lakini ukiipima kwa maisha ya watu wa mwambao huu wa Ziwa Victoria, haisimami.

Mchukue Calestous Juma. Alizaliwa mwaka 1953 na kukulia Port Victoria, huko Bunyala. Alifundisha shule ya msingi, kisha akawa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira wa gazeti la Daily Nation. Alikwenda Uingereza, na mwaka 1987 akapata shahada ya uzamifu katika sera za sayansi na teknolojia kutoka Chuo Kikuu cha Sussex. Angeweza kubaki huko. Mwaka 1988 alikuwa Nairobi akianzisha ACTS, kituo cha kutafiti jinsi Afrika inavyoweza kuitumia teknolojia kwa faida yake. Huo nao ni ujasiriamali, ingawa bidhaa yake ilikuwa hoja. Kati ya 1995 na 1998 aliongoza sekretarieti ya mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bayoanuwai, halafu akahamia Harvard, alikofundisha hadi alipofariki Desemba 2017.

Kwa mahesabu ya wanaolia wizi, huyu aliibwa mara mbili: kwanza na Uingereza, halafu na Marekani. Lakini akiwa Harvard ndipo alipoongoza, pamoja na Ismail Serageldin wa Misri, jopo la Umoja wa Afrika kuhusu bioteknolojia. Akiwa huko huko aliandika The New Harvest, kitabu cha 2011 kinachodai kwamba Afrika inaweza kujilisha ndani ya kizazi kimoja. Kenya ilipopiga marufuku vyakula vya GMO Novemba 2012, aliipinga hatua hiyo waziwazi. Wapo wasiokubaliana naye hadi leo, na marufuku yalipoondolewa Oktoba 2022 kesi zilifuata mahakamani. Hoja zake za mbegu unaweza kuzikataa. Usichoweza kusema ni kwamba alinyamaza, au kwamba mawazo yake yalifanya kazi Boston peke yake.

Kitabu chake cha 2016, Innovation and Its Enemies, kinapitia karne za watu kuvipinga vitu vipya: kahawa, siagi bandia, muziki wa kurekodiwa. Juma anaonyesha kwamba mara nyingi anayepinga si mjinga. Ameshaona ni nani atakayepoteza. Swali hilo linafaa kuulizwa hapa pia. Nani angepoteza iwapo tungekiri kwamba tatizo la wasomi liko nyumbani? Si mzee wa harambee. Ni afisa aliyekaa na faili la maabara miaka nenda miaka rudi.

Wanaopenda hadithi ya wizi hupenda pia takwimu za Vivek Wadhwa. Mhindi huyu alikwenda Marekani, akajenga kampuni za programu za kompyuta, na baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo mwaka 2002 akageukia chuo kikuu na uandishi wa maoni. Utafiti alioufanya na wenzake, uliotolewa mwaka 2007, uligundua kwamba robo ya kampuni za uhandisi na teknolojia zilizoanzishwa Marekani kati ya 1995 na 2005 zilikuwa na mhamiaji miongoni mwa waasisi wake. Mnaona? husema wenye kulalama. Mbona hawaendelei kusoma? Mwaka 2012 Wadhwa huyo huyo alitoa kitabu kizima akiionya Marekani kwamba inawakosa wahamiaji hao, kwa kuwa wanarudi India na China. Mwizi analalamika kuwa anaibiwa!

Walirudi kwa sababu palikuwa na mahali pa kurudi. Mhandisi Morris Chang alifanya kazi Texas Instruments, Marekani, kwa miaka 25. Mwaka 1985 Taiwan ilimwita aongoze taasisi yake ya utafiti wa viwanda, na mwaka 1987 akaanzisha TSMC, kampuni ambayo leo inatengeneza sehemu kubwa ya chipu za hali ya juu duniani. Taiwan haikumhutubia Chang juu ya uzalendo. Ilimpa ofisi, mtaji na mamlaka.

Na wala hatuhitaji kufika Taiwan. Thomas Odhiambo alipata uzamifu wake Cambridge mwaka 1965, akarudi, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu. Kampasi ya kituo hicho iliyoko Mbita, ufukweni mwa ziwa, sasa ina jina lake. Hapo ndipo alipofanyia kazi Zeyaur Khan, mwanasayansi kutoka India, ambaye pamoja na wenzake wa Kenya na wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, aliunda mbinu ambayo wakulima huiita vuta sukuma.

Ingia kwenye shamba la namna hiyo uone. Katikati ya mistari ya mahindi kumepandwa desmodiamu, inayotoa harufu inayowafukuza nondo wasitage mayai kwenye mahindi. Pembezoni kuna nepia, inayowavuta watage huko. Bungua, yaani mabuu ya nondo hao, wakianguliwa, utomvu wa nepia unaonata huwaua wengi wao. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu huichokoza mbegu ya gugu la kayongo (striga) iote, halafu huizuia isijishike kwenye mzizi wa mahindi, nayo hufa. Ng'ombe naye hula desmodiamu na nepia. Sasa kwa hesabu ya wizi, India inatudai Zeyaur Khan. Nani yuko tayari kumrudisha?

Kombewa yenyewe ina ushahidi wake. Kituo cha utafiti kinachoendeshwa na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pamoja na taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoifanyia majaribio ya mwisho chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika nchi hizo. Madaktari Wakenya waliowachoma sindano watoto wa Seme na kuwafuatilia majina yao yamo kwenye majarida makubwa ya tiba, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Palipokuwa na maabara, mshahara na kazi yenye maana, wataalamu walikaa.

Kuna pingamizi moja zito: wauguzi na madaktari. Hospitali ya kaunti isiyo na muuguzi haisaidiwi na insha ya profesa wa Harvard. Ni kweli. Lakini Julai 2021 ni serikali yenyewe iliyotia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya, huku wauguzi waliohitimu wakikaa nyumbani bila ajira. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya madai yao ilikuwa kwamba madaktari wanagenzi wapangiwe vituo na walipwe inavyostahili. Daktari aliyekaa bila kazi Kisumu amepotea kuliko aliyeko Birmingham, maana wa Birmingham angalau anatibu mtu. Tena hutuma fedha: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9. Fedha hizo hulipa karo na kujenga nyumba. Maabara hazijengi, na hiyo si kazi yao.

Ni kazi ya bajeti. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inaagiza mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Maseno na chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo vingeweza kesho kuwapa wasomi walio ng'ambo nafasi za kusimamia tasnifu na kuendesha miradi ya pamoja, kama fedha hizo zingekuwepo. Basi mbunge anayelia kwamba wasomi wetu wameibwa aulizwe kwanza alisema nini bajeti ya utafiti ilipofika Bungeni.