HOFU YA MVUA TUISEME HADHARANI

Tarehe 3 Desemba, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua. Tope, mawe na magogo yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mwezi Aprili, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua na mafuriko yalikuwa yameua watu 155 nchini na kuwaathiri wengine zaidi ya 200,000. Huko Rufiji, mashamba yalizama.

Wananchi waliomboleza pamoja, na misaada ikapelekwa. Lakini matanga yalipoondolewa, kila mtu alirudi nyumbani na hofu yake. Sisi tunajua kumlilia maiti. Shamba lililosombwa, au mto uliokauka, kila mtu huulilia peke yake.

Wapo wasemao kwamba mkulima anahitaji mbegu na madaraja, si machozi. Mbegu na madaraja ni lazima. Hata hivyo, hofu iliyofichwa ina madhara yake. Mkulima ambaye mahindi yake yamekauka mara tatu hujiona mzembe, au husadiki kwamba amelogwa. Hapo ndipo kikongwe jirani mwenye macho mekundu anapoanza kunyoshewa kidole. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ukweli ni kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7, na mvua inyeshapo hunyesha kwa kishindo. Joto hilo limeletwa hasa na moshi wa makaa ya mawe na mafuta, ambao kwa zaidi ya karne moja umetoka kwa wingi katika nchi tajiri zenye viwanda. Kikongwe yule hana hatia, wala mkulima yule si mzembe.

Kwa hiyo mikutano mikuu ya vijiji haina budi kutenga saa moja, kabla ya vuli na kabla ya masika, ili watu waseme wanachokiogopa na walichokipoteza. Wazee waeleze maji yalipita wapi zamani. Akina mama waseme ni kisima gani kimekauka. Bwana shamba afafanue utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mtendaji aandike yote. Kilio cha namna hiyo ndicho kitakachoonyesha ni nyumba zipi zihamishwe bondeni, na ni nani asiyeweza kukimbia usiku bila ya kubebwa.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Tukinyamaza sisi tuliofiwa, tusitegemee kwamba wenye viwanda vyao watatulilia.