OLORGESAILIE SI MAWE MATUPU
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mara suala la ziara linapozuka shuleni, majina ni yale yale: Mombasa ama Nakuru. Ukitaja Olorgesailie, watu wanaangua kicheko. "Ati tulipe nauli tukaangalie mawe?" Mimi nasema naam, twende, tena kabla ya kwenda kwingine kokote.

Olorgesailie ni mahali pakavu penye jua kali, yapata kilomita 70 kutoka Nairobi kwenye barabara ya Magadi. Lakini miaka kama 1,200,000 iliyopita palikuwa na ziwa. Lilitoka wapi? Bonde la Ufa, kama tulivyofunzwa katika Jiografia, ni ardhi iliyovutwa pande mbili ikapasuka, na kipande cha katikati kikadidimia. Maji hufuata mkondo, na mkondo ukizibwa na miamba, maji hutuama. Ndivyo ziwa lilivyozaliwa. Wanyama wakaja kunywa, wengine wakafia hapo, nayo matope na majivu ya volkeno yakaifunika mifupa yao hata ikageuka mawe. Hivyo ndivyo visukuku.

Na wanyama wenyewe si mchezo! Kulikuwa na ndovu mkubwa kuliko wa leo, nyani mkubwa wa aina ambayo haipo tena duniani, na kiboko ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Mashoka ya mawe ya watu wa kale nayo yametapakaa huko kwa mamia. Mtaalamu J.W. Gregory alipagundua mahali hapo mwaka wa 1919, na katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba.

Basi ziwa hilo lilikwenda wapi? Ardhi ilipasuka tena! Karibu miaka 500,000 iliyopita maji yalipata njia nyingine, ziwa likakauka. Vijito vya mvua vikala udongo hadi mifupa ikafichuka. Waama, mipasuko iliyozaa ziwa ndiyo iliyoliua, na ndiyo iliyotufunulia kaburi lake.

Kuna atakayeuliza, "Hayo ni mambo ya kale, yatatusaidia nini?" Hebu tutazame Baringo na Nakuru. Kuanzia mwaka wa 2010 hivi maziwa hayo yalianza kufura, sanasana kwa sababu ya mvua nyingi. Huko Baringo nyumba na shule ziliingia majini. Hata lango kuu la mbuga ya Nakuru lilimezwa. Wapo niliowasikia wakisema ni laana. Aliyesimama Olorgesailie hawezi kusema hivyo. Ameona kwa macho yake tabaka jeupe la udongo wa ziwa, juu yake tabaka la nchi kavu, kisha ziwa tena. Anajua kwamba ziwa la Bonde la Ufa halina mpaka wa kudumu. Leo liko kule bondeni, baada ya miaka kadhaa linabisha hodi mlangoni pako. Kesho ni sisi tutakaokuwa machifu, wahandisi na wanunuzi wa mashamba. Tusipojifunza sasa, nani atatukataza kujenga shule pale maji yalipowahi kufika?

Sisemi Mombasa ni kubaya. Bahari haitahama, itatungoja. Lakini wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Naomba walimu wetu wa Jiografia na Historia waungane, basi la shule liondoke alfajiri na kurudi jioni ile ile. Chama chetu cha Kiswahili kiandike ripoti na kuisoma mbele ya shule nzima. Na sharti liwe moja: mtu asitie hata kijiwe mfukoni. Jiwe likiondolewa mahali pake halisemi tena lilikuwa tabaka gani wala pamoja na mnyama yupi. Linakuwa jiwe tu kama mengine. Hapo ndipo wanaotucheka watakuwa wamesema kweli.