Simuleta za Ndege Zinaona Vizuri, Lakini Hazijui Kusema

Wengi katika kitivo chetu wakisikia maneno "mchezo wa kompyuta" hufikiria watoto na bunduki. Simuleta ya ndege ni jambo jingine. Mchezaji husoma hali ya hewa, hupiga hesabu ya mafuta, hupanga njia, kisha huruka kutoka Luano hadi N'djili kwa muda uleule ambao ndege ya kweli ingetumia. Hakuna adui wa kupiga wala pointi za kukusanya. Furaha yake yote imo katika neno moja: uhalisi.

Ndiyo maana toleo jipya linapotangazwa, wapenzi wa simuleta hutoa orodha ndefu ya madai. Wanataka mawingu yanayofanana na mawingu, mabawa yanayotikisika penye upepo, vitufe vyote vya chumba cha rubani vifanye kazi yake, na mchezo usiosimama intaneti inapodhoofika. Nawaunga mkono. Lakini naona dai moja ambalo watengenezaji wamelichelewesha kuliko yote, nalo ni la fani yetu sisi wanaisimu: wachezaji wanataka redio inayosikia na kujibu kama mtu.

Tutazame kwanza jinsi picha ilivyopiga hatua. Flight Simulator ya kwanza ya Microsoft ilitoka mwaka 1982. Ilikuwa mistari michache na rangi chache, na mchezaji alianzia kwenye kiwanja kidogo cha Meigs Field, Chicago. Toleo la mwaka 2020, lililotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, lilileta dunia nzima kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani na data za ramani. Hata makosa yake yalikuwa ya kiwango kikubwa. Katika mtaa mmoja wa Melbourne, Australia, ulionekana mnara mwembamba wa ghorofa 212, kwa sababu mtu aliyejaza ramani huria ya OpenStreetMap aliandika 212 mahali pa 2. Wachezaji walicheka, wakapanga safari za kwenda kuuona. Toleo lililofuata likatoka Novemba 2024, na siku ya kwanza watu walikuwa wengi hata seva zikalemewa. Basi hamu ipo, na kazi ya kutengeneza picha imefanyika.

Sasa tusikilize. Katika mchezo huohuo, rubani anayetaka ruhusa ya kuruka haongei. Anachagua sentensi kwenye orodha, anabonyeza, na sauti ya mashine inaisoma kwa niaba yake. Mwongoza ndege, ambaye naye ni mashine, anajibu kwa sentensi iliyopangwa kabla. Hakuna anayesikia vibaya, hakuna anayesitasita, hakuna anayeuliza tena. Mazungumzo yamegeuzwa kuwa fomu ya kujaza. Mwaka 2024 watengenezaji waliongeza kazi za urubani zenye wahusika wanaoongea, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba sauti zile za akili mnemba hazina uhai.

Mwanaisimu anajua kwa nini hilo linaudhi. Lugha ya redio ya ndege ni mojawapo ya rejista zilizopangwa kwa uangalifu mkubwa duniani. Tazama alfabeti yake, iliyoanza kutumika mwaka 1956. "Alfa" imeandikwa kwa f, ili asiyezoea "ph" asikosee kuitamka. "Juliett" ina t mbili, ili msomaji wa Kifaransa asiiache t ya mwisho kimya. Tarakimu 3 ya Kiingereza hutamkwa "tree", maana sauti yake ya kwanza huwashinda wengi. Tarakimu 9 imepewa silabi ya ziada, "niner", isichanganywe na 5 redio inapokoroma. Hiyo ni fonolojia iliyotumika kulinda roho za watu.

Na sheria zake nyingine zina makaburi nyuma yake. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani msaidizi Mholanzi alikuwa amesema kwa Kiingereza kwamba wapo "at take-off". Mwongoza ndege alielewa kwamba wapo mahali pa kuanzia, wanasubiri. Kumbe ndege ilikuwa imeanza kukimbia. Wapo waliosema kwamba nyuma ya kauli ile kulikuwa na sarufi ya Kiholanzi, ambayo hueleza kitendo kinachoendelea kwa namna hiyo. Baada ya ajali ile, neno "take-off" liliwekewa mpaka: hutumika wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka, na mahali pengine husemwa "departure".

Simuleta isiyoweza kuleta hatari ya kutoelewana imeacha nje nusu ya kazi ya rubani. Wachezaji wenyewe wamekwisha kuonyesha wanachotaka. Maelfu yao huingia katika mtandao wa VATSIM, ulioanzishwa mwaka 2001, ambako watu wa kujitolea hukaa kwenye minara ya kuigiza na kuongoza ndege za wenzao kwa sauti zao wenyewe, bila malipo. Wengine hununua programu za pembeni zinazojaribu kumwelewa rubani anapoongea. Mtu hatafuti nje ya nyumba kile alichopewa ndani.

Dai la pili linatugusa sisi wa nchi za Kifaransa. Kanuni za kimataifa zinaruhusu redio itumie lugha ya kawaida ya kituo cha chini, au Kiingereza. Kwa hiyo katika anga la Ufaransa, na pia hapa kwetu, Kifaransa ni lugha halali ya redio. Jambo hilo lina ubishi wake wa kweli. Tarehe 25 Mei 2000, kwenye kiwanja cha Charles de Gaulle, Paris, ndege ya Air Liberté iliyokuwa ikikimbia ili iruke iliigonga ndege ndogo ya mizigo ya Waingereza, na rubani msaidizi wa ndege hiyo ndogo akafa. Ndege ya Wafaransa ilikuwa imepewa ruhusa kwa Kifaransa, ile nyingine kwa Kiingereza. Wachunguzi walitaja lugha hizo mbili kati ya mambo yaliyochangia: Waingereza hawakuweza kufuata alichoambiwa jirani yao. Mchezo unaofanya anga lote liongee Kiingereza kimoja laini unaifuta historia hiyo, na unamfundisha kijana wa Lubumbashi kwamba lugha anayosomea haina nafasi juu ya mawingu.

Kuna atakayeniuliza: basi unataka na Kiswahili mnarani? Hapana. Uhalisi hauchagui upande. Kiswahili si lugha ya redio ya ndege katika anga letu leo, na mchezo haupaswi kutudanganya ili utufurahishe. Ninachodai ni kidogo zaidi na ni cha haki zaidi: majina yetu yatamkwe inavyopasa. Kavumu iwe na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na N'djili isikatwe vipande kama neno la kigeni katika kinywa cha mashine.

Wengine watasema: ni mchezo tu, watu wanataka kustarehe baada ya kazi. Sawa, anayetaka kuangalia milima na mito tu aachiwe kitufe cha kuzima redio. Lakini hoja hiyo haikuwazuia watengenezaji kufuatilia mawingu na vitufe kwa bidii kubwa. Kwa nini starehe iwe kisingizio pale tu inapofika zamu ya lugha?

Nadhani jibu ni kwamba hakuna mtu wa lugha aliyekaa mezani nao. Kuanzia mwaka 2008, rubani wa safari za kimataifa anatakiwa kufikia kiwango cha 4 kati ya viwango 6 vya lugha, akipimwa kwa matamshi, miundo, msamiati, ufasaha, uelewa na maingiliano. Mambo hayo sita yote yana kozi zake katika kitivo hiki. Mnara wa Melbourne ulitufundisha kwamba tarakimu moja iliyoandikwa na mtu mmoja kwenye ramani huria inaweza kuingia katika mchezo wa dunia nzima. Basi na matamshi sahihi yanaweza kuingia kwa mlango huohuo. FlightGear, simuleta huria, inapokea michango ya mtu yeyote. Anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo aanzie hapo: arekodi majina ya viwanja vya nchi yetu kwa vinywa vya wenyeji, ayaandike kwa alama za fonetiki, ayatoe yatumike bure. Wapenzi wa simuleta watayapokea. Wamekuwa wakiomba kwa miaka mingi.