Kiswahili Kimeishia Usoni pa Kompyuta

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ikafuata kwa Kiswahili chake. Wapenzi wa lugha walishangilia, na walistahili. Hata hivyo, kilichotafsiriwa kilikuwa uso tu: menyu na vitufe. Kiini, ile programu ya ndani inayotawala diski na vifaa vyote, kilibaki bila maneno ya kukieleza kinapougua.

Itazamwe kasoro ya Novemba 2001. Toleo la 2.4.15 la kiini cha Linux lilitoka na dosari katika usimamizi wa mifumo ya faili: hata kompyuta ilipozimwa kwa utaratibu, faili ziliweza kuvurugika. Siku chache baadaye likatoka toleo la 2.4.16 lenye tiba. Kasi hiyo haikutokana na ujuzi wa hesabu pekee. Ilikuwapo lugha ya kutaja hatua iliyozaa madhara, na mrekebishaji akajua pa kushika.

Je, fundi wa Kitale au Bungoma angeieleza vipi kasoro ya aina hiyo kwa Kiswahili? Aghalabu husema "imeharibika", basi. Lakini kompyuta iliyokwama haijazimika; iliyozimika ghafla si lazima iwe imepoteza faili; na faili iliyovurugika yaweza kukaa kimya wiki nzima kabla ya kugunduliwa. Hayo ni maradhi matatu yenye tiba tatu. Mkulima wa Kitale hatosheki kuambiwa kwamba ghala lina matatizo. Hutaka kujua kama ni panya, dumuzi au unyevu.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza kinatosha. Kinawatosha wanaokimudu. Ilhali simu za Android, zinazotumia kiini hicho hicho cha Linux, zimebeba hesabu za wachuuzi wa Bungoma.

Neno "kiini" lafaa (kuliko "punje", hata kama Kitale ni nchi ya mahindi). Yanayokosekana ni ya ndani yake. Mfumo wa faili wa ext3, ulioingizwa katika toleo lile lile la 2.4.15, huandika kusudio lake kando kabla ya kugusa faili, ili umeme ukikatika ujue ulipofikia. Hilo na liitwe "daftari la kusudio". Mwenye duka yeyote ataelewa. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati mwaka 2015, kina wanafunzi wa Kiswahili na wa kompyuta katika ua mmoja. Waketi pamoja, diski iliyovurugika mbele yao, na waanze na hilo neno "imeharibika".