Tutafute Chanzo Kabla ya Kulaumu

Kazi inapozorota, neno la kwanza kusikika maofisini ni uzembe. Mtumishi huandikiwa barua ya onyo au hupelekwa semina, na baada ya miezi michache mambo hubaki vile vile. Sisi tunaona kwamba hali hii haitaondoka mpaka wakuu wa kazi wakubali kuchunguza kwanza na kuhukumu baadaye.

Historia yetu ina funzo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Mali nyingi ya misafara hiyo ilitoka Unguja, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu walioijua kazi yao barabara. Mwaka 1871 mizigo iliyokuwa ikienda Ujiji ilikwama Tabora. Aliyekuwa mbali angeweza kudhani kuwa wapagazi wamekuwa wavivu. Lakini chanzo kilikuwa kingine kabisa: Mtemi Mirambo alikuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na njia ilikuwa imefungwa. Hapana fimbo wala nyongeza ya ujira ambayo ingeifungua. Stanley, baada ya kuingia katika vita hivyo na kushindwa, aliiacha njia ya kawaida akazungukia kusini, na Novemba mwaka ule ule akafika Ujiji. Hata utoro wa wapagazi, ambao wasafiri wa Ulaya waliulalamikia sana, mara nyingi ulikuwa na sababu zake: posho haba, mzigo mzito, maradhi, au hofu ya vita.

Leo msafara wetu ni jalada. Mwananchi anayevuka bahari kutoka Pemba kufuata jibu la barua yake, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo, hupoteza nauli, siku ya kazi na imani yake kwa Serikali. Je, jalada lake limekwama wapi? Masijala? Kwa karani asiye na vifaa? Au mezani kwa mkubwa ambaye peke yake ndiye mwenye idhini ya kutia saini, naye yuko safarini?

Mwaka 2004 Serikali ya Muungano ilianzisha mfumo wa wazi wa kutathmini utendaji kazi, uliojulikana kwa jina la OPRAS, na baadaye ikaingia katika mifumo ya kompyuta. Hatua hizo ni njema. Lakini fomu hueleza kazi imepungua kiasi gani. Haielezi kwa nini. Mtaalamu wa Marekani, Thomas Gilbert, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alishauri tuanze kuangalia mazingira ya kazi, yaani maelekezo, vifaa na malipo, kabla ya kumgeukia mfanyakazi mwenyewe. Mafunzo humfaa asiyejua. Hayamfai anayejua lakini hana karatasi.

Uchunguzi huu hauhitaji fedha nyingi. Kila idara ichukue majalada 20, iandike kila moja limekaa siku ngapi katika kila meza, na iwasikilize makarani wenyewe. Dawa ijaribiwe kwanza katika sehemu moja, kisha siku zihesabiwe upya. Wanafunzi wa Chuo cha Utawala wa Umma cha Zanzibar na wa Chuo cha Utumishi wa Umma kule Tabora wanaweza kupewa kazi hiyo kuwa sehemu ya mafunzo yao.

Tunatahadharisha jambo moja. Utafiti ukigeuzwa mtego wa kuwanasa watu, watumishi wataficha ukweli. Mzembe yupo, naye aadhibiwe. Lakini aadhibiwe kwa ushahidi, baada ya kuhakikisha kuwa njia aliyotakiwa kupita ilikuwa wazi.

Kuuliza si ujinga. Viongozi wetu waulize, wasikilize majibu, kisha watende.