TAHARIRI: Ufa Ukishatangazwa, Mwizi Naye Amesikia



Jumamosi iliyopita wengi wenu mlifungua ukurasa huu mkakuta mstari mmoja tu: "Tumo katika matengenezo." Simu zikaanza kulia. Wako waliouliza kama serikali imetufungia, na wako waliodhani fedha zimetuishia. Ukweli ni kuwa tulijifunga wenyewe kwa muda wa saa 7, na ni wajibu wetu kukuelezeni sababu.

Fomu mnayotumia kutuletea barua na habari hatukuiandika sisi. Ni programu ndogo ya bure, iliyotengenezwa na watu wengine, na fundi wetu aliipachika hapa miaka kadhaa nyuma. Watengenezaji wake waligundua kasoro inayoweza kumwachia mtu wa nje asome yaliyoandikwa humo. Wakatangaza, na siku hiyo hiyo wakatoa toleo lililorekebishwa. Tangazo lao lilitufikia. Lilikaa kwenye sanduku letu la barua pepe wiki 11 bila ya mtu kulifungua, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani ni kazi ya mwenziwe.

Tumezipitia kumbukumbu za seva na hatukuona dalili ya mtu kuingia. Lakini asiyeona nyayo mlangoni hana haki ya kuapa kuwa hakuna aliyepita. Baadhi yenu mnatuandikia kutoka nyumbani, mkiwa na kazi, watoto na majirani wanaosikiliza. Sisi tuliokwisha kuondoka hatari yetu ni ndogo. Yenu ni kubwa, na ndiyo tuliyoifanyia uzembe. Tunakuombeni radhi.

Hapana shaka wako watakaosema haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Hatukubaliani nao. Tovuti yoyote leo ni kama nyumba ambayo mwenyewe hakufyatua matofali wala hakuchonga milango. Kufuli imetoka kwa huyu, bawaba kwa yule, na ndani ya kufuli mna springi ya mtu wa tatu ambaye mwenye nyumba hajapata kulisikia jina lake. Siku mtengenezaji wa kufuli anapotangaza kuwa kufuli zake zinafunguka kwa msumari, tangazo hilo mwenye nyumba analisoma, na mwizi pia analisoma. Kuanzia saa hiyo ni mashindano ya mbio, na mara nyingi mwizi huamka mapema zaidi.

Mfano mkubwa ni wa Equifax, kampuni ya Marekani inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Ndugu zetu walioko huko wanaijua, maana bila ya kumbukumbu hizo ni taabu kupata nyumba au gari. Tarehe 7 Machi 2017, watengenezaji wa Apache Struts, programu ya bure iliyotumika ndani ya tovuti ya kampuni hiyo, walitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa. Siku mbili baadaye wakubwa wa usalama wa Equifax wakaagiza kiraka kiwekwe ndani ya saa 48. Agizo likatumwa, wala halikutekelezwa katika mfumo uliohitaji. Wezi wakaanza kuchota tarehe 13 Mei, zaidi ya miezi miwili tangu dawa iwepo, na hawakugunduliwa mpaka mwisho wa Julai. Mtambo wa kuwanasa ulikuwepo, lakini ulikuwa haufanyi kazi yake kwa sababu cheti chake kilikwisha muda miezi mingi kabla.

Watu wapatao milioni 147 waliibiwa majina, tarehe za kuzaliwa na namba zao za hifadhi ya jamii. Mkuu wa kampuni akaondoka, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 700. Kiraka chenyewe kilikuwa cha bure.

Mwezi Disemba 2021 dunia ikapata somo jengine. Log4j, kijiprogramu cha kuandika kumbukumbu za matukio, kilikutwa na tundu lililopewa alama 10 kwa 10 za hatari. Shida kubwa ya taasisi nyingi haikuwa kuziba. Shida ilikuwa kwamba hazikujua kama zinacho, kwa kuwa kilijificha ndani ya programu nyengine, nayo ndani ya nyengine. Na waliokesha kukirekebisha, toleo baada ya toleo katika mwezi huo mmoja, walikuwa watu wachache wanaojitolea. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yameegemea jasho lao bila ya kuwauliza hali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulikuwa karibu kuufyatulia matofali ukuta huo. Kwa hiyo tumefanya mambo manne. Tumeandika orodha ya kila kipande kilichomo katika tovuti hii na toleo lake. Tumemteua mtu mmoja, kwa jina, wa kusoma matangazo ya usalama kila asubuhi, na mwengine wa kumshika zamu akiumwa. Barua zenu sasa zinafutwa kwenye seva mara tu tunapozisoma. Na kila mwaka tutawapelekea waliotuandikia fomu hiyo mchango mdogo, kadiri ya mfuko wetu.

Tunawataka na wengine wajiulize. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na Tanzania iliipitisha yake mwaka 2022. Sheria ni njema, lakini haiweki kiraka. Hospitali, benki, skuli na ofisi za serikali zinazokusanya majina yetu zinapaswa kujibu maswali mawili mepesi: mmejenga kwa vipande gani, na nani anavikagua?

Nanyi wasomaji, khasa mliotuandikia kwa fomu katika wiki hizo 11, msitumie tena neno la siri mlilolitaja humo, na kama mna wasiwasi tupigieni simu badala ya kuandika. Gazeti lisiloweza kuwalinda wanaoliamini halina haki ya kuwaomba habari.